Mgomba wa Antoni

Odeta Masele hakuumbiwa kutulia, na kazi aliyoichagua ni ya kukaa kwenye kiti. Mungu naye ana utani wake. Chumba chake cha ushauri nasaha kiko Mkuyuni, Mwanza, nyuma ya duka la dawa, katikati ya fundi cherehani na mashine ya kusaga. Ukipita pale asubuhi utamkuta ameshafagia, ameihamishia meza dirishani, ameona haifai, ameirudisha, anafagia tena. Mteja akiingia, Odeta anakaa, na hapo ndipo vita inapoanza. Mguu unatikisika wenyewe. Kalamu inatafunwa. Maana mtu anaeleza shida yake taratibu, anazunguka, anarudi nyuma, anafuta machozi, na Odeta ameshaliona jibu tangu zamani, liko pale kwenye ncha ya ulimi linamuwasha, na kulitoa ni marufuku.

Marufuku hiyo alijiwekea mwenyewe. Baba yake, Mzee Masele, alikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi, kijijini kwao Magu, na kesi zote za ng'ombe, za wake na za mipaka ya mashamba ziliishia uani kwake. Alizimaliza kabla chai haijapoa. Odeta alikua akisikiliza nyuma ya mlango, akaupenda sana ule mkato wa sauti. Alipokuja mjini akaanza kuuza vitenge sokoni, wenzake hawakuchukua muda kumgundua: huyu dada anaamua! Wakaanza kumletea mambo yao. Mwache. Rudi. Mdai. Usimpe hata senti. Hukumu zilitoka huku anakunja vitenge, na jamani, alikuwa anafurahia, tusidanganyane.

Mpaka siku alipomwamuru Mwanvua, jirani yake wa meza, arudi kwa mumewe. Mwanamke mzima unaacha nyumba kwa ugomvi wa chumvi? Rudi! Mwanvua alikuwa ametaja chumvi kwa sababu aliona haya kutaja kingine. Akarudi. Wiki iliyofuata akaja sokoni mkono umefungwa plasta, hakumlaumu mtu, akapanga vitenge vyake kwa mkono mmoja. Odeta alishindwa kumtazama usoni. Alifunga meza mapema, akaenda nyumbani akalia mpaka akatapika, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameuza bidhaa zote akaenda chuo kusomea kusikiliza.

Chuoni alikutana na mwalimu mmoja mpole kupita kiasi, Bwana Farouk, ambaye ukimuuliza swali anakurudishia swali. Odeta alimchukia muhula mzima. Lakini somo lilimwingia. Leo viti vyake viwili vimepangwa ubavu kwa ubavu, vinatazama dirisha, kwa sababu akikaa uso kwa uso na mtu anahisi sura ya baba yake inamjia. Na kila mteja, awe mkubwa awe mdogo, anaulizwa jambo lilelile: "Leo tufanye kazi gani?" Mteja ndiye anayesema. Wanatafuta njia pamoja, mteja ndiye anayechagua ya kujaribu, na wakikutana tena wanaitazama wote wawili. Ikishindikana, imewashinda wote.

Wengine hawataki kabisa mambo hayo. Dereva mmoja wa lori aliwahi kusimama akavaa kofia yake. "Nimekuja kwa daktari nimemkuta mwanafunzi," akasema, na hakuonekana tena.

Basi siku hiyo aliingia mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili, anamvuta mkono mwanamke kijana mrefu, mkimya, kama anayepeleka mtoto kuchanjwa.

"Shikamoo mama," Odeta akasema.

"Marahaba, daktari. Mimi naitwa Modesta. Huyu ni Sabina, mkwe wangu. Nimemleta umwambie akubali."

"Akubali nini?"

Modesta akaeleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Mwanawe Antoni, mume wa Sabina, alikwenda ziwani na wenzake kuvua dagaa. Upepo ukawapiga. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, wenzake wakapatikana wamekufa, Antoni hakuonekana mpaka leo, na mvua za masika zimekuja zimepita. Ukoo wao ni Wakerewe. Kwao mtu aliyemezwa na ziwa haachwi hivihivi: unakatwa mgomba, unavikwa sanda, unalazwa kaburini badala yake. Watu wanalia, matanga yanaanuliwa, mtu anapumzika. "Sasa mwanangu yuko nje," Modesta akasema. "Mvua ikinyesha namwona yuko nje. Na huyu hataki."

"Mkizika mgomba, nyinyi ndio mmemuua," Sabina akasema akitazama sakafu. "Ziwa halijasema."

"Umesikia? Mwambie!"

"Mama, mimi simwambii mtu la kufanya. Nitakaa naye tu."

"Ukae naye?" Modesta akapiga makofi ya mshangao. "Mimi nakaa naye kila siku! Kama kukaa kungesaidia si angeshapona?" Akatoka, akaenda kununua unga wa dona pale mashineni, na sauti yake ikaendelea kusikika kwa muda.

Wakabaki wawili, wanatazama dirisha. Odeta akauliza swali lake. Mguu wa Odeta ukaanza kutikisa kiti chote.

"Nataka nijue kupimia mchele," Sabina akasema hatimaye. "Bado napika wa watu wawili. Kila siku unabaki. Nikiuona umebaki siwezi kula hata ule wangu."

Si upike wa mtu mmoja! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Odeta alilimeza, likashuka kwa shida kama dawa ya kwinini. "Ungependa kujaribu nini?" akauliza. Sabina akafikiri. Hakutaka kupunguza mchele, akasema, angejisikia anamfukuza. Bora apatikane mtu wa kula ile sehemu ya pili. Akaamua atakuwa anampelekea mama mkwe, aliyepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwake Igogo ili amwangalie. Odeta asingeliwaza hilo hata angekaa mwezi mzima.

Ndivyo walivyokwenda, kidogo kidogo, na Odeta akitafuna kalamu. Ilijulikana kwamba kila alfajiri Sabina anateremka mawe ya Igogo mpaka ziwani kutazama mitumbwi inayorudi, na kila nahodha anamuuliza. Manahodha walishaanza kumkwepa. Sabina akachagua kwenda bila kuuliza. Ikamshinda, akauliza, akaja chumbani akasema imemshinda, wakaitazama upya. Baadaye akaweza. Baadaye zikatokea asubuhi ambazo hakwenda kabisa, na akasimulia hilo kwa sauti ya mtu aliyeiba.

Siku moja akafungua lililokuwa chini kabisa. "Wakishamzika, dada Odeta, mimi nitakuwa nani kwao? Sina mtoto wa kuwaonyesha. Sasa hivi naitwa mke wa Antoni kwa kuwa Antoni hajazikwa. Wakimfukia, na mimi wamenifukuza." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Siku moja nitakwenda kumzika. Ila kwanza nijue hilo."

Odeta alitoka kazini siku hiyo anatembea juujuu. Siku moja nitakwenda! Si ndiyo hiyo? Kesi imekwisha! Alikuwa barabarani, mfuko wa mchicha mkono mmoja, simu ilipolia. Modesta. Amevuka kwenda kwao kisiwani Ukerewe, ukoo umekaa, akasema, Mzee Alexander, baba mkubwa wa Antoni, anataka tarehe, kuna ndugu wa kutoka Musoma. "Wewe sema tu, daktari. Jumamosi atakuja au hatakuja?"

Na Odeta, mwanamke aliyeuza vitenge vyake vyote ili ajifunze kunyamaza, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya katibu wa sungusungu. "Wekeni Jumamosi. Atakuja."

Utamu wake! Ilikuwa miaka hajaamua kitu cha mtu. Alinunua samaki sato mkubwa kwa furaha.

Kesho yake Sabina aliingia chumbani bila hodi. Hakukaa. "Mama amenipigia ananishukuru. Anasema umewaambia nitakuja Jumamosi. Nilisema lini?"

"Ulisema siku moja..."

"Siku moja ndiyo Jumamosi?"

Odeta alitafuta pa kuweka mikono, hakupaona.

"Mwanaume aliamua kwenda ziwani upepo unaonekana, mimi nasema usiende," Sabina akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukoo umeamua kuzika. Mama ameamua niletwe huku. Nikasema sawa, angalau Mwanza yote kuna chumba kimoja ambacho siamuliwi. Kumbe na wewe!" Akatoka, mlango akauacha wazi, na mlio wa mashine ya kusaga ukaingia ndani.

Ee Mungu wangu, siku zile! Odeta alifagia mpaka sakafu ikataka kulia. Wateja walikuja, aliwasikia nusu. Alikwenda dukani, akasahau alilofuata, akarudi, akatoka tena. Ally, fundi cherehani, alimtazama akipita mlangoni kwake huku na huko mpaka akaondoa mguu kwenye cherehani. "Dada Odeta, pole pole bwana, utatuchimbia mtaro hapa." Odeta hakucheka. Aliona aibu, tena aibu yenye hasira ndani yake, maana kila alivyogeuka alimwona Mwanvua na ule mkono wa plasta, na sasa alimwona Sabina anarudi kwa manahodha, alfajiri baada ya alfajiri, mpaka azeeke pale ufukweni.

Akampigia Bwana Farouk. Akamweleza yote bila kupumua. "Nimeharibu, mwalimu. Nifanyeje?"

"Wewe unaonaje?" Bwana Farouk akasema.

"Mshenzi!" Odeta akakata simu. Kisha akachukua kanga akaenda Igogo.

Alipanda katikati ya yale mawe makubwa jasho linamtoka, akipanga maneno. Alikuwa na mipango miwili. Wa kwanza, apige simu ukweni aombe waahirishe. Wa pili, yeye na Sabina waende pamoja mapema wakakae na wazee. Yote mizuri, yote imeiva. Alimkuta Sabina anafua nje ya chumba chake.

"Sikuja kukushauri," Odeta akasema. "Nimekosa. Nilisema kwa kinywa chako na hukunituma."

Sabina akakamua shuka, akalikung'uta, akalianika. "Sasa?"

Mipango miwili ilipanda kooni kwa pamoja. Odeta akaizuia yote miwili, na nakwambia haikuwa kazi ndogo, macho yalimtoka. "Sasa unataka nifanye nini?"

Sabina akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Uende kwao. Jumamosi hiyohiyo, mbele ya ukoo mzima. Useme Sabina hakusema, ni mimi niliyesema. Uone kunakuwaje kusimama mbele ya wale wazee."

"Nitakwenda. Na wewe je?"

"Mimi usiniulize."

Jumamosi Odeta akapanda meli ya kwenda Nansio, kulekule Ukerewe. Hakukaa. Alitembea kutoka mbele mpaka nyuma, akaruka mizigo na miguu ya watu, mpaka baharia mmoja akamwomba kwa heshima atafute kiti. Alitafuta, akakaa kidogo, akasimama.

Nyumbani kwa akina Antoni turubai lilishafungwa na watu walishajaa. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya shamba la migomba. Na chini ya turubai, juu ya mkeka, kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa sanda nyeupe. Odeta alijua ni mgomba, na bado alirudi hatua moja nyuma. Wanawake walikuwa wamekizunguka kama wanavyomzunguka mtu.

Mzee Alexander alikuwa amekaa katikati ya wanaume, fimbo mapajani. Odeta akapiga goti, akaamkia, akasema alichotumwa. Kwamba Sabina hakusema atakuja leo. Kwamba yeye Odeta ndiye aliyesema, bila kutumwa, na anaomba radhi kwao na kwa Sabina.

Manung'uniko yakapanda. Modesta akainuka kwenye mkeka. "Ulinidanganya, daktari?"

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

"Binti wa watu," Mzee Alexander akasema, "ndugu wametoka Musoma. Mgomba umekatwa, umevikwa. Mgomba uliokwisha kuvikwa haurudi shambani. Sasa unataka tuufanye nini? Tuukalishe kitini tuupe chai?"

Mtu mmoja alicheka, akaona kacheka peke yake, akakohoa. Odeta alikuwa na majibu. Yalikuwa mengi, tena mazuri, angeweza kuwaweka wale wazee sawasawa mpaka wakaomba maji. Lakini alitumwa neno moja, na neno lenyewe alikuwa ameshalisema. Akasogea pembeni akakaa chini, mikono ameikalia.

"Tunazika," Mzee Alexander akasema. "Mke asipokuja, basi hakuja."

Vijana wakainama kunyanyua. Ndipo wanawake wa upande wa njiani wakaanza kuguna, wakaachia nafasi, na Sabina akapita katikati yao, peke yake, miguu imejaa vumbi. Alikuja na mtumbwi wa abiria, ilijulikana baadaye, amefumba macho njia nzima. Mmoja akaanza kilio cha kumpokea. Sabina akamwinulia mkono anyamaze.

"Nimekuja kuona mnamzika nani," akasema. "Mfungueni."

"Haifunguliwi," Mzee Alexander akasema.

"Mfungueni," Modesta akasema, na ilikuwa sauti ya mama mzazi, hakuna aliyeibishia.

Sanda ikafunguliwa. Ulikuwa mgomba mzuri, umenyooka, umesafishwa. Sabina akausogelea, akautazama kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Huyu ni mrefu," akasema.

"Mgomba ni mgomba, binti yangu," Mzee Alexander akasema kwa upole sasa.

"Hapana, baba. Antoni ananifikia hapa." Akagusa nyusi zake. "Mtaa mzima walikuwa wanatucheka, yeye anacheka kuliko wote. Mkimfukia huyu mmemfukia mtu mwingine, na mimi kesho alfajiri niko ziwani, namtafuta wangu. Na kesho kutwa pia." Akaligeukia kaburi. "Mimi nataka nimzike yeye. Sitaki kumzika mwingine."

Sabina akageuka, akawatafuta watu kwa macho. "Dada Odeta. Njoo."

Odeta aliruka kabla jina halijaisha.

"Usiseme neno. Shika huku."

Wakausimamisha mgomba pamoja, ulikuwa mzito na maji yake yalitiririka mpaka viwikoni. Sabina akasimama wima kando yake, bega kwa bega, wakasimama hivyo kidogo, akaweka alama kwa ukucha pale usawa wa nyusi. Wakaulaza. Akanyoosha mkono, kijana mmoja akampa panga.

"Ngoja," Modesta akasema. Alikuwa amesogea, anaitazama alama. "Hapo umemwonea. Mwanangu si mfupi hivyo. Nilimzaa mimi. Weka juu kidogo."

"Ni viatu, mama. Alikuwa anavaa vile vya soli nene akija kwako."

Modesta akaitazama tena ile alama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, mama wa watu, kiganja mdomoni, machozi yanapita katikati ya vidole. "Alinidanganya," akasema. "Miaka yote hiyo! Kumbe soli!" Akapiga magoti upande wa pili wa mgomba, akaweka kidole chake kwenye ile alama ya ukucha. "Kata, mke wa mwanangu. Wewe ndiye unayemjua. Kata hapa."

Sabina akakata. Panga lilizama, akalichomoa, akalishusha tena, mpaka kile kipande cha ziada kikadondoka kwenye majani. Akautazama uliobaki. Akalala kando yake juu ya mkeka, akaunyooshea mkono, na kilio alichokizuia tangu kabla ya masika kikamtoka chote. Wanawake wakakipokea, na Modesta alikuwa wa kwanza. Odeta alibaki pale amepiga magoti, mikono imelowa, ameshika upande wake, maana hakuna aliyemwambia aachie.